Mwelu, Fundi Anayenyoosha Watu

Nitakayowaeleza hapa hamtayaamini, na sitawalaumu. Mimi Muasya, mtu aliyejenga nusu ya maghorofa ya Kileleshwa (nusu nyingine ilijengwa na watu walionitazama nikijenga), nilikuwepo tangu mwanzo, na bado kuna asubuhi naamka nikidhani niliota. Ni habari ya simu ya mkononi na mgongo wa mtoto. Zaidi ya hapo ni habari ya mpwa wangu Mwelu, fundi wa nguo pale Riruta, mwanamke ambaye mkono wake haujui kuacha kitu kikiwa kimepinda, na jinsi mkono huo ulivyotaka kutuponza sote.

Mwelu ni mtoto wa dada yangu. Alipokuwa mdogo kule Masii, picha ikiinama ukutani hali chakula mpaka ainyooshe. Nilikuwa nikiiinamisha makusudi ili nile sahani yake. Leo ana kibanda cha mabati ya bluu karibu na barabara ya Naivasha, kati ya muuza gesi na saluni ya Nakhumicha, na hapo hushonea watoto wa shule tano sare zao. Ukipita Januari utadhani kuna mkutano wa kampeni, kumbe ni akina mama wamepanga foleni na watoto wao.

Ufundi aliupatia mjini, Biashara Street, katika duka la mzee Aliasgar, aliyekuwa akishonea suti mameneja wa benki. Mzee huyo hakuwa na maneno mengi. Lakini kila mara alirudia moja, nalo Mwelu alilimeza kama dawa: nguo isimsengenye mwenye nguo. Mtu akiwa na bega moja chini, weka sponji kidogo ndani ya bitana, bega lipande. Akiwa na mguu mfupi, shusha pindo upande huo kwa unene wa kidole. Akitoka nje, watu waone mtu, wasione kasoro.

Mwelu akawa bingwa wa mambo hayo. Njuguna, mzee wa kanisa aliyebeba magunia sokoni miaka thelathini mpaka bega la kulia likawa kama limepigwa msumari, alishonewa koti la harusi ya binti yake. Kwenye picha amesimama kama askari wa gwaride. Mke wake aliitazama ile picha, akauliza huyu mwanamume ni nani na ana shughuli gani wiki ijayo. Ndipo Riruta wakampa jina: fundi anayenyoosha watu. Wala hatumii futi sana. Hukutazama mara moja, akakushika kiuno, akakugusa mabega, tayari mkono wake umeshajua.

Ana mtoto mmoja, Kaindi, anayemlea peke yake. Kaindi ana miaka kumi na mbili, gredi ya saba, na mwaka jana alianza kurefuka kama mahindi ya mvua za kwanza. Watoto wengine hushonewa gauni moja kwa mwaka. Huyu, mtoto wa fundi, alipata jipya kila muhula. Na kila gauni lilimkaa vizuri mno, hata walimu walikuwa wakiuliza limeshonwa wapi. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndipo ubaya ulipojificha.

Mambo yalianza likizo ya Aprili. Siku hizi mimi ni mtunzaji wa jengo moja Kileleshwa, na ghorofa ya tatu anakaa Komal, dada wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia Parklands. Kazi yake ni kutibu viungo katika kliniki moja ya Hurlingham, barabara ya Argwings Kodhek. Alitaka mapazia. Nikamwambia fundi bora Afrika Mashariki ni damu yangu, na kipaji hicho kimetoka upande wangu. Basi Mwelu akaja na mapazia, na Kaindi akamsaidia kubeba. Siku hiyo mtoto alivaa fulana ya mtumba. Haikushonwa na mama yake.

Wakati Mwelu amepanda kiti anapima dirisha, kopo la pini likaanguka, pini zikatapakaa. Kaindi akainama kuokota. Komal alikuwa anatoka jikoni na sinia ya chai. Akasimama. Hakuiweka mezani ile sinia, aliiweka pale pale sakafuni, na macho yake hayakutoka kwenye mgongo wa mtoto.

"Mama Kaindi," akasema, "huyu mtoto amewahi kupimwa mgongo?"

Mwelu akacheka, akasema humpima kila muhula, mgongo, kifua na kiuno, na hakuna mtoto Nairobi anayepimwa kama huyo. Mimi nami nikaongeza kwamba ukoo wetu wote ni wanyoofu, isipokuwa tabia. Komal hakucheka. Alimwomba Kaindi asimame, aweke miguu pamoja, aunganishe viganja, kisha ainame taratibu kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Akaibana ile fulana nyuma kwa pini mbili ili igande mgongoni.

Hapo nasi tukaona. Upande wa kulia wa mgongo uliinuka, wa kushoto ukabaki chini. Ulikuwa kama mkate ulioumukia upande mmoja.

Komal akatoa simu, akafungua programu. Nilipochungulia nikaona duara na kitone kinachoteleza ndani yake. Nikajisikia niko nyumbani, maana ile ni pimamaji kabisa, ile ambayo fundi mawe huweka juu ya ukuta kuona kama umelala sawa. Nikamwambia chombo hicho nakijua tangu yeye hajazaliwa. Akanielekeza niangalie vizuri basi. Aliilaza simu kwa upana mgongoni, vidole gumba viwili vikiwa chini yake vimeachana kidogo, ili mifupa ya katikati ipite kwenye nafasi ile isiisukume simu. Hakukandamiza. Akaiteremsha polepole kutoka shingoni kwenda kiunoni, na namba zikawa zinapanda. Tatu. Tano. Nane. Kumi na moja. Chini ya hapo zikaanza kushuka. Akarudia mara ya pili na ya tatu, na kila mara ilifika kumi na moja.

"Ingekuwa saba tu ningekwambia uende kwa daktari," Komal akasema. "Simu haioni mfupa, Mama Kaindi. Inaniambia tu kwamba niogope."

Akaandika barua ya kupigwa picha ya eksirei, akasema isipite wiki mbili. Akaeleza kwamba mfupa wa mtoto anayerefuka unaweza kukaa kimya miezi mingi, kisha ukakimbia. Akaweka programu hiyo kwenye simu ya Mwelu, amfuatilie mtoto mara moja kwa mwezi. Chai yetu ilipoa pale sakafuni. Hakuna aliyeinywa.

Mwelu alirudi Riruta akampima Kaindi siku hiyo hiyo. Simu ikasoma tano. Kesho yake ikasoma nne. Akanipigia akiwa na sauti ya mtu aliyetolewa kamba shingoni, akasema labda yule dada simu yake imeanguka mara nyingi. Jumapili nikaenda kushuhudia.

Na hapa nitasema jambo ambalo sijivunii, nami ni mtu wa kujivunia hata mafua yangu. Niliuona mkono wa Mwelu. Kaindi alipoinama, kiganja cha kushoto cha mama yake kilipita mgongoni kikilaza kitambaa, kama anavyolaza kila kitambaa kabla ya kupiga chaki. Kikafika pale palipoinuka, kikatulia, kikakandamiza. Wakati huo huo goti lake lilisukuma nyonga ya mtoto ikae sawa, vile anavyomsimamisha kila mteja. Ndipo akaweka simu. Nne. Hakujua anafanya hivyo, ni mkono tu uliokuwa kazini. Lakini mimi ni fundi mawe. Pimamaji haishikiliwi. Ukiishikilia itakusomea uongo unaoutaka, na ukuta utaangukia mtu mwingine.

Nilinyamaza. Namba ilinipendeza. Tena nilifanya vibaya kuliko kunyamaza: nilikuwa nimemletea mafuta ya nyonyo kutoka Masii, na nikatangazia Riruta nzima kwamba nimenyoosha mgongo kwa chupa moja. Watu wawili wakaja kuniuliza kama yanatibu na magoti.

Ile barua ikaingia kwenye kopo la vifungo. Komal alipiga simu Mei kuuliza picha ilisemaje. Mwelu akamwambia sasa inasoma nne.

"Nne? Kutoka kumi na moja?"

Akamsihi ampeleke hata hivyo. Mwelu akaahidi, msongamano wa sare za muhula ukiisha. Sare zikaisha, zikaja nguo za kwaya.

Kuna mambo tuliyoyaona tukayapita. Kaindi alianza kukaa akiegemea upande mmoja, akasema ni dawati la shule. Mkanda wa begi ukawa unateleza begani kila mara, mama yake akaushonea kitufe. Nakhumicha wa saluni alimwambia Mwelu kwamba akimwosha mtoto nywele, kichwa hakikai katikati ya beseni, kinakwenda pembeni, na akikirudisha kinakwenda tena. Mwelu akajibu kwamba beseni lake ndilo bovu. Wakacheka. Mimi nilikuwepo nikacheka pia, lakini nakumbuka Kaindi hakucheka. Alikuwa ameshika taulo shingoni, anamtazama mama yake kwenye kioo.

Mwishoni mwa Agosti, kabla shule hazijafunguliwa, Mwelu alinipigia saa sita mchana. Alisema maneno mawili tu, "Mjomba, njoo." Mpwa wangu huwa hamalizi salamu chini ya dakika kumi. Nikaacha ufagio kwenye ngazi.

Nilipofika cherehani ilikuwa kimya. Cherehani ya Mwelu ikinyamaza mchana wa Agosti, watu wa Riruta hufikiri kuna msiba. Juu ya meza ya kukatia alikuwa ametandaza karatasi tatu za kaki.

Nawaeleza ninyi msiojua kazi hii. Fundi hukata kielelezo cha gauni kwanza kwenye karatasi. Karatasi hukunjwa katikati, unakata nusu moja tu, ukiifungua unapata pande mbili sawasawa, kwa kuwa Mungu huumba upande mmoja akaurudia. Mwelu amekata karatasi za mamia ya watoto, zote zina mkunjo katikati. Alikuwa anatafuta ya Kaindi ya Mei ili amkatie gauni la muhula mpya, akaikuta haina mkunjo.

Akadhani si yenyewe. Lakini jina lipo, kwa mwandiko wake. Akatafuta ya Januari. Ina mkunjo, lakini pindo la kushoto limeongezwa kidole kimoja kwa kalamu, na bega la kulia limekatwa kidogo. Ya Mei, vidole viwili, na mkunjo hakuna. Kisha akatazama ile aliyokuwa ameianza asubuhi hiyo hiyo, mkasi bado uko juu yake. Vidole vitatu na nusu. Kiuno kimehama.

"Niliacha kukunja lini?" akaniuliza. "Mjomba, mimi sikumbuki siku niliyoacha kukunja."

Akazipanga moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani. Mwanga ulipopita nikaona mistari mitatu ya ubavu mmoja wa mtoto, kila mmoja umetoka nje zaidi ya mwenzake, kama mawimbi ya maji ukitupa jiwe. Simu ilikuwa imesema nne miezi minne mizima, na karatasi zake mwenyewe zilikuwa zikiandika ukweli kidole kwa kidole, chini ya meza.

Akamwita Kaindi. Akakalia mikono yake, kweli kabisa, akaiweka chini ya mapaja kwenye kile kiti cha cherehani.

"Pima wewe," akaniambia. "Mikono yangu siiamini."

Niliilaza simu kama Komal alivyonielekeza, vidole gumba chini, bila kukandamiza. Nilitamani kukandamiza. Kitone kiliteleza kikaenda, kikaenda, nikadhani kitatoka nje ya kioo. Kumi na tano. Nikarudia nikiomba Mungu nimekosea, nami si mtu wa kukiri makosa. Kumi na tano.

"Ni ngapi?" Kaindi akauliza akiwa bado ameinama.

Nikapangusa kioo cha simu kwa shati, kana kwamba namba ni vumbi.

"Si mseme tu," akasema. "Mimi ndiye niko nao."

Wiki hiyo picha ikapigwa. Komal alitupeleka mwenyewe kwa daktari wa mifupa, Oyoo, mtu mpole mwenye vidole virefu. Aliiweka picha kwenye kioo chenye taa. Nimejenga kuta miaka mingi na nimeona zilizoinama, lakini ukuta ukiinama unaubomoa ukaanza upya. Daktari akachora mistari miwili kwa penseli, mmoja juu ya mpindo wa mfupa, mwingine chini, akapima pembe kati yake. Thelathini na nne. Akatueleza kwamba namba ya picha na namba ya simu ni vitu viwili, tusizichanganye, na kwamba hii ya picha ndiyo inayoamua. Mtoto bado ana kama miaka miwili ya kurefuka. Atavaa koti gumu la plastiki saa ishirini kila siku, ili mfupa usiendelee. Januari atapigwa picha nyingine. Ikivuka arobaini na tano, wataanza kuzungumza habari ya kisu na vyuma vya mgongoni.

Mwelu alimuuliza swali moja tu, kwamba Aprili ingekuwa ngapi.

"Mama," daktari akamjibu taratibu, "siwezi kusoma picha ambayo haikupigwa."

Tangu siku hiyo Mwelu amebadilika. Hushona fulana za ndani zisizo na mshono mgongoni, ili plastiki isimchune mtoto, na hizo ni kazi ngumu kuliko koti la harusi. Mteja mwenye mtoto akija kupimiwa sare, kwanza Mwelu humwomba mtoto ainame, mikono yake mwenyewe akiwa ameifunga nyuma. Wengine hukasirika wakasema walikuja kushonewa, hawakuja hospitali. Huwajibu mmoja mmoja kwa upole kwamba atawashonea baada ya kuona. Wawili amewarudisha na kuwaambia waende kwa daktari kwanza. Mmoja alikuwa sawa. Yule mwingine mama yake alikuja tena, akakaa kwenye benchi nusu saa, picha ya eksirei mapajani.

Na magauni ya Kaindi sasa anayakata kwa karatasi iliyokunjwa. Nusu kwa nusu, kama ya watoto wote. Pindo linaning'inia upande mmoja, linapanda upande mwingine, na kila anayempita barabarani anaona. Nilimwambia anamwaibisha mtoto, mzee Aliasgar angelia. Akaniambia anataka kuona kwa macho, kila asubuhi mtoto akitoka mlangoni, pindo limefika wapi. Kaindi naye alinuna wiki mbili. Kisha akaniambia kwamba wasichana wa darasani wakiuliza, huwagongea koti la plastiki kama mlango na kuwaambia hakuna mtu nyumbani. Utani huo umetoka kwangu, ingawa anakataa.

Usiku, Mwelu anasema, husikia ile plastiki ikilia mtoto akijigeuza. Krr. Halafu kimya. Hulala akisubiri mlio unaofuata.

Haya yote nayaandika hapa kibandani, Januari, kwenye daftari la hesabu la Kaindi lililobaki kurasa, na foleni ya sare iko mpaka kwa muuza gesi. Jana Jumamosi tulimpima tena, maana Jumanne ndiyo picha. Mimi ndiye niliyeshika simu. Kaindi akavua koti, akaunganisha viganja, akainama. Nikailaza pole pole kama mtu anayeweka yai, vidole gumba chini, kitone kikateleza kidogo tu kikatulia, na nikasoma kwa macho yangu haya mawili yasiyohitaji miwani: sita. Sita, jamani. Komal nilipompigia alisema tangu aanze kazi Hurlingham hajawahi kusikia koti lililofanya kazi namna hiyo, na mtoto akarukaruka hapa mbele ya wateja, na Mwelu akacheka mpaka akakaa chini, na daktari Oyoo tukimpelekea habari hiyo hatakuwa na la kufanya ila kutuambia kwamba kisu tukisahau kabisa na—

"Mjomba." Mwelu amesimama nyuma ya bega langu, sijui tangu saa ngapi. "Ilikuwa kumi na saba. Andika kumi na saba."